Dondoo muhimu: Kabla hujafuga chatu au boa

Wasukuma wa chama cha Bayeye wamecheza ngoma na nyoka kwa vizazi, kwa hiyo kwao chatu si mgeni. Ukifikiria kufuga, zingatia haya:

• Jua ukoo. Chatu na boa hawana sumu. Huua kwa kubana. Lakini ni koo mbili: chatu hutaga mayai na kuyazungushia mwili, boa wengi huzaa watoto hai.

• Pima nafasi. Chatu wa Afrika huweza kupita mita 4. Boa wa mchangani, anayepatikana kaskazini mwa Tanzania, ni nadra kufika mita 1.

• Usimchanganye boa wa mchangani na kifutu. Wote wanene na wafupi. Kifutu ana kichwa kipana cha pembetatu na sumu kali. Boa wa mchangani ana kichwa kidogo kisichotengana na shingo. Huna hakika? Usimguse.

• Kagua afya. Pua isiwe na kamasi, wala kusiwe na kupe kati ya magamba.

• Anza na kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakubana: usimkamate porini, uliza kwanza ofisi ya wanyamapori.