Somo la Afya: Dawa za Mzio Hufanyaje Kazi Mwilini?

Katika toleo hili tujifunze juu ya dawa za mzio (aleji) zinazofahamika katika nyumba nyingi: Piriton, setirizini na loratadini.

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapopigana na kitu ambacho si adui, kama vumbi, karanga, samaki au dawa fulani. Seli za kinga hutoa kemikali iitwayo histamini. Hiyo hujishikiza kwenye vipokezi vya mishipa ya damu na neva, kama ufunguo katika kitasa. Mishipa hutanuka na kuvujisha maji. Ngozi huvimba na kuwasha, chafya na kamasi hufuata.

Dawa hizi haziondoi histamini wala chanzo cha mzio. Huziba tundu la kitasa ili ufunguo usiingie. Ndiyo maana dalili hurudi dawa inapoisha nguvu, ikiwa chanzo bado kipo.

Katika ubongo, histamini hutusaidia kuwa macho. Piriton huingia ubongoni na kuizuia huko pia, hivyo huleta usingizi. Aliyeinywa asiendeshe bodaboda wala kunywa pombe. Loratadini na setirizini huingia kidogo tu, ingawa setirizini huwaletea baadhi ya watu usingizi. Promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kuzuia pumzi.

Jambo la kuzingatia zaidi ni hili. Mtu aliyeumwa na nyuki, au aliyekula kitu kinachomdhuru, akivimba ulimi au koo, akipumua kwa shida au akiishiwa nguvu, asisubiri kidonge. Kidonge hakifungui njia ya hewa wala hakipandishi shinikizo la damu lililoshuka. Anahitaji mara moja sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, kisha apelekwe hospitali.

Kwa hiyo kamati za sharika, hasa zenye vikundi vya ufugaji nyuki, ziulize zahanati iliyo karibu: Je, adrenalini ipo? Haijapita muda wake? Nani kwenye zamu anajua kuichoma? Nanyi wafadhili wetu, mkiiona kwenye bajeti msiihesabu kuwa ziada. Kichupa hicho chaweza kukaa miezi bila kuguswa, lakini siku kinapohitajika vidonge haviwezi kushika nafasi yake.