Maktaba ihamie wapi?

Maktaba ya mtaa ikihamishwa, tuulize kwanza: nani hataifikia tena? Mtoto wa Kikula hatalipa nauli hadi Panda ili asome kitabu.

Likasi haijasahau. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa makwao, walilala stesheni wakingoja gari la moshi. Jengo likipelekwa upande wa kundi moja tu, uchungu ule huamka.

Basi andikeni ombi pamoja, wenyeji na wakimbizi wa ndani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinawapa Wakongomani haki hiyo, na serikali inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kwa hiyo wekeni tarehe, na mbaki na nakala yenye muhuri. Tajeni umbali, shule, barabara wakati wa mvua, kabila msilitaje.

Jadilianeni: nani hajaulizwa bado?