Dondoo muhimu: Kipimajoto kwanza, maabara baadaye

Mwaka 2002, mjini Barrow-in-Furness, Uingereza, mtambo wa kupoza hewa wa jengo moja la umma ulirusha mvuke wenye bakteria wa lejionela hadi njiani. Watu 7 walifariki kwa nimonia.

Bakteria hao hustawi kwenye maji ya nyuzijoto 20 hadi 45. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mtunza jengo ni kipimajoto, tena cha bei nafuu. Maji ya moto yahifadhiwe tangini kwa nyuzi 60, na yafike bombani yakiwa 50 ndani ya dakika moja. Ya baridi yabaki chini ya 20. Bomba au bafu la manyunyu lisilotumika lifunguliwe kila wiki.

Na gharama za maabara?

Uingereza, ofisi yenye mfumo rahisi wa maji kwa kawaida hailazimiki kupima sampuli za maji maabara. Kinachotakiwa ni tathmini ya hatari, na mwajiri anayeufahamu vyema mfumo wake anaweza kuifanya mwenyewe. Penye minara ya kupozea, hapo asibane matumizi: sampuli zipimwe angalau kila miezi mitatu.