SOMO: VITABU VYA BURE NDANI YA SIMU, NA MWENYE KUFUNDISHA



Somo la safari hii ni la wale wanaofundisha. Msidhani ni la walimu wa serikali peke yao. Mwalimu tunayemsema hapa ni yule anayewafundisha watoto wetu katika shule ya jirani na laini, na pia ni yule mwenzetu ambaye zamu ikiisha huwakusanya wenziwe kumi au kumi na watano awafundishe kusoma, kuandika na hesabu. Shida yao ni moja: vitabu. Wa kwanza ana kitabu kimoja kwa darasa zima, wa pili hana hata hicho.

Tena lipo deni ambalo halijalipwa. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakufunguliwa sawasawa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili, na hakuna nchi iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko huo. Watoto wa wenye fedha walisoma nyumbani kwa kompyuta. Watoto wa mkata miwa na mchuma chai walifuatana na mama zao shambani, na baadhi yao hawakurudi darasani tena. Aliyekuwa darasa la tatu wakati ule, leo ni kijana. Huyo ndiye asimamaye getini asubuhi kuomba kibarua, na akipewa karatasi anatia dole gumba bila kujua imeandikwa nini.

Sasa tunaambiwa kwamba dawa ipo: masomo yote yako kwenye intaneti, tena bure. Neno hili lina ukweli ndani yake na lina udanganyifu ndani yake. Yatupasa kulichambua.

BURE MAANA YAKE NINI

Kitabu chaweza kuwa bure, lakini njia ya kukifikia ikawa na ushuru. Hapa Uganda, mwaka 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kwa hiyo mfanyakazi akisikia "bure" na aulize: bando analipa nani?

Tufanye hesabu kidogo. Chukua somo moja la video lenye megabaiti 50. Wazazi 30 wakilifungua kila mmoja kwa simu yake, zimetumika megabaiti 1,500, yaani gigabaiti moja na nusu, na zote zimelipwa kutoka mishahara yetu. Mmoja akilipakua, akawapa wenzake kwa Bluetooth au kwa memori kadi, zimetumika 50 tu. Wengine 29 hawakulipa chochote. Lile la kwanza ni bure ya kampuni ya simu. Hili la pili ndilo bure la mfanyakazi, na linahitaji umoja, kwa maana mtu mmoja aliyejifungia chumbani hawezi kulipata.

Basi katika somo hili nitasema zaidi juu ya vyombo vinavyofanya kazi pasipo mtandao, ukishavipakua mara moja. Vile vinavyotaka bando kila siku nitavipita haraka.

KIWIX

Cha kwanza kinaitwa Kiwix. Ni programu iliyoanzishwa mwaka 2007, na shirika linaloitunza liko Uswisi nalo halifanyi biashara. Kazi yake ni kufungua maktaba nzima iliyofungwa katika faili moja, hata simu ikiwa haina laini ndani yake. Maktaba ijulikanayo zaidi ni Wikipedia, ile kamusi elezo ya dunia iliyoanza mwaka 2001. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ya Kiingereza yote pamoja na picha ni mzigo mkubwa, kiasi cha gigabaiti mia moja, hiyo haifai simu zetu. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia katika simu ya kawaida na nafasi ikabaki. Yapo pia mafungu madogo ya Kiingereza yaliyochaguliwa kwa ajili ya shule, zipo kamusi, yapo na masomo ya hesabu ya Khan Academy.

Mambo mawili ya kujua, kwa kuwa nimewaona watu wakikata tamaa kwa ajili yake. Ukiichukua Kiwix katika duka la Google, huenda ikakataa kusoma faili uliyopewa na mwenzako kwa kadi. Ichukue katika tovuti ya Kiwix yenyewe, hapo inakubali. La pili, memori kadi nyingi za kawaida hukataa faili moja iliyozidi gigabaiti 4, hata kama kadi ina nafasi tele. Si kwamba kadi ni mbovu. Imepangwa kwa utaratibu wa zamani. Fundi wa simu aweza kuipanga upya kwa dakika chache, ila atoe kwanza vilivyomo, la sivyo picha zako zote zimekwenda.

Nayo Wikipedia isichukuliwe kama Msahafu. Yeyote aweza kuandika humo, na makala za Kiswahili nyingine ni fupi mno, zina mistari miwili mitatu. Mwalimu asome kwanza yeye, ndipo awape wanafunzi.

HADITHI, NA HERUFI ZILIZOANDIKWA CHINI

Chombo cha pili ndicho nikipendacho kuliko vyote. Kinaitwa African Storybook. Kilifunguliwa mwaka 2014 na shirika la elimu la Afrika Kusini liitwalo Saide, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukijaribu, pamoja na Kenya, Lesotho na Afrika Kusini yenyewe. Ni ghala la hadithi fupi zenye picha, katika lugha nyingi za Afrika. Kiswahili kimo, Luganda imo, Lumasaaba na Lugbarati zimo. Kila hadithi unaipakua, unaisoma katika simu, au unaichapa katika karatasi na kuikunja ikawa kijitabu.

Faida yake kwetu ni hii. Laini zetu zimejaa watu wa makabila mengi: huyu ametoka Arua, yule Mbale, mwingine kavuka mpaka kutoka Rwanda au Kongo. Mtoto anaanza shule kwa lugha asiyoisikia kwa mama yake. Hadithi ile ile ukiwa nayo katika lugha mbili, unaziweka pamoja, mtoto anaona neno la nyumbani na neno la shule yakikaa mahali pamoja. Hata mtu mzima husoma hivyo. Hali kadhalika mwalimu anaruhusiwa kuifasiri hadithi yeye mwenyewe, au kutunga mpya kwa picha zilizomo humo. Kwa nini tusiwe na hadithi ya binti wa mchuma chai?

Anaruhusiwa na nani? Hapo ndipo herufi zilizoandikwa chini zinapoingia. Sisi tumezoea kwamba penye maandishi madogo pana mtego, kama zilivyo karatasi za mikopo. Herufi hizi ni kinyume, zinatoa ruhusa, ila kila moja na sharti lake. Zinaitwa leseni za Creative Commons, nazo zilitolewa mara ya kwanza Desemba 2002. Ukiona CC BY, maana yake: nakili, chapa, badilisha, gawa, lakini taja jina la mwandishi. Ikiongezwa NC, usiitumie kwa biashara. Ikiongezwa ND, igawe ilivyo, usibadilishe neno. Ikiongezwa SA, ukiibadilisha ni lazima na wewe uitoe kwa masharti yale yale, usije ukaifungia. Hadithi nyingi za African Storybook ni CC BY. Mwenye duka la fotokopi akikuuliza kama una haki ya kuchapa nakala arobaini, mwonyeshe herufi hizo.

Kitu kisicho na herufi yoyote, usidhani ni cha kila mtu kwa sababu tu umekikuta mtandaoni.

VINGINE KWA KIFUPI

Ubongo ni shirika la Dar es Salaam. Tangu mwaka 2014 linatengeneza katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto huzipenda bila kulazimishwa. PhET ilianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, na Carl Wieman aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Hayo ni majaribio ya sayansi ndani ya skrini: nyaya na betri, mizani, maji na joto. Shule isiyo na maabara yaweza kuonyesha namna umeme unavyozunguka, na fundi umeme kijana aweza kukosea waya pasipo kuchoma nyumba. Kolibri nayo huweka masomo katika kompyuta moja, simu nyingine zikayasoma kutoka hapo bila intaneti.

Vitabu vya Kiswahili vinatafutwa sana siku hizi, maana Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Walimu wake ni wachache. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao, husomwa bila malipo. Mwalimu akumbuke tu kwamba mtaala wa Tanzania si wetu. Wa kwetu hutolewa na kituo cha mitaala, NCDC, nacho kina tovuti yake.

HESABU YA KILO

Kwa darasa la watu wazima sipendi tuanze na tembo na sungura. Tuanze na kilo. Mchuma chai amechuma kilo 34 Jumatatu, 41 Jumanne, 37 Jumatano. Karani ameandika 108. Darasa lijumlishe kwa kalamu, kisha kwa kikokotoo cha simu, ambacho hata simu ya tochi inacho. Jibu ni 112. Kilo nne zimekwenda wapi? Mtu aliyekuwa akisinzia kwa habari za sungura hapo huamka. Kikundi chenye kompyuta kipakue LibreOffice, ni bure pia, waandike kilo za kila siku katika jedwali lake, ijumlishe yenyewe mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya mshahara mtu anakuja na karatasi yake.

Vivyo hivyo na sheria. Sheria za Uganda zinapatikana bure katika tovuti ya ULII. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 unaweza kuipakua usiku ukailala nayo chini ya mto. Mlipofika penye saa 48 za kazi kwa juma, simameni hapo. Kila mmoja aandike saa zake za juma lililopita.

JIHADHARI

Kuna bure nyingine ambayo wewe ndiwe bidhaa. Mwaka 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya programu za masomo ambazo serikali za nchi 49 zilizipendekeza wakati wa korona. Karibu tisa katika kila kumi zilikutwa na mwenendo wa kuhatarisha au kuvunja haki za watoto kwa namna zilivyochukua habari zao. Programu ya kufundisha alfabeti ikitaka kujua mtoto yuko wapi na namba zote za simu yako, ikatalie.

Na hizi programu za akili bandia, unazoziuliza zikajibu kama mtu: zaweza kumsaidia mwalimu kutunga maswali kumi kwa haraka. Lakini husema uongo kwa sauti ile ile zisemayo kweli, na katika lugha zetu hukosea zaidi. Zisiulizwe habari za sheria ya kazi pasipo kulinganisha na sheria yenyewe.

KIKUNDI KWANZA

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania, mwaka 1973. Chombo cha siku hizo kilikuwa redio, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio peke yake isingeweza. Walikaa kwa vikundi, kila kikundi na kijitabu chake na kiongozi wake, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Simu nayo ni redio yenye picha. Bila kikundi na bila kiongozi, vijana watapakua mpira.

Kwa hiyo tawi linunue memori kadi moja nzuri, iwekwe kwa katibu, iandikwe katika daftari kama mali nyingine ya chama. Mtu mmoja, kwa bando la chama, apakue, wengine wanakili. Mimi niliishia la saba, na kazi hii naifanya, haitaki shahada.

Saa za kusoma ni madai, si zawadi. Mkataba Namba 140 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1974, unahusu likizo ya masomo yenye malipo, nao unataja waziwazi elimu ya vyama vya wafanyakazi. Tunapokwenda mezani na mwajiri tuwe tunataja nyongeza ya mshahara na hili pia: saa mbili kwa juma, chumba chenye umeme, na kompyuta moja hata iliyotumika.

Ya kuzungumza tawini kabla ya toleo lijalo: Katika laini yenu, ni watoto wangapi walioacha shule tangu mwaka 2020, nani anawajua kwa majina? Ni nani kati yenu mwenye simu yenye nafasi ya kutosha, na atakubali kuiazima jioni moja kwa juma? Kilo za mwezi uliopita, je, karani na mchumaji wana jibu moja?