Dondoo muhimu: Kuondoa sauti usizozitaka kwenye video

Filamu ya MKV yaweza kubeba Kiingereza, Kihindi na maelezo ya mwongozaji, nawe wataka kuondoa moja. Anza kwa kukagua kwenye dirisha la amri, ukitumia ffprobe iliyo sehemu ya programu ya FFmpeg:

ffprobe filamu.mkv

Soma mistari yenye neno Audio. Lugha huandikwa kwenye mabano, mfano (eng) au (hin). Hesabu ya sauti huanzia 0, na hapa ndipo wengi huteleza: sauti ya pili ni a:1, si a:2. Kuiondoa hiyo:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -map -0:a:1 -c copy mpya.mkv

"-map 0" huchukua vyote, manukuu yakiwemo. Alama ya kutoa kabla ya 0:a:1 huiengua sauti hiyo. Usisahau "-c copy": bila hiyo programu husimba upya picha nzima, kompyuta ikahema muda mrefu na ubora ukashuka. Ukiiweka, kazi huisha upesi na picha haiguswi.

Wataka video bubu kabisa? Weka "-an" mahali pa "-map -0:a:1".

Faili jipya lipe jina tofauti, na la zamani usilifute kabla hujasikiliza mwanzo, katikati na mwisho.