Bei Bila Wingi wa Mauzo Ni Nusu ya Habari

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wenzetu kadhaa wameniuliza baada ya swala ya Ijumaa: je, naweza kuchukua pesa yangu ya kujikimu nikafanya biashara kwa kuangalia bei kwenye simu? Kabla ya jibu, tujifunze kusoma bei yenyewe. Sisi wa Gisenyi darasa letu liko karibu: Petite Barrière, ambako akina mama huvusha viazi, nyanya na sambaza kwenda Goma.

Tuseme asubuhi kilo ya viazi ni faranga 400, na mchana ni 500. Je, bei imepanda? Bado hujui. Uliza kwanza: kwa hiyo 500, yameuzwa magunia mangapi? Kama ni magunia 40 na wanunuzi bado wapo, soko limeikubali bei mpya. Kama ni kilo mbili alizochukua mtu mwenye haraka, hiyo ni bei ya mtu mmoja, si ya soko. Bei ni kauli. Wingi wa mauzo ni mashahidi wake.

Kanuni hii ni ya zamani. Charles Dow, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Wall Street Journal mwaka 1889, anahesabiwa miongoni mwa walioweka msingi wake. Tuigawe katika hali nne:

1. Bei inapanda na mauzo yanaongezeka: wanunuzi wanaingia, kupanda kuna nguvu.
2. Bei inapanda na mauzo yanapungua: ama wanunuzi wanachoka, ama bidhaa imeadimika. Tahadhari.
3. Bei inashuka na mauzo yanaongezeka: wengi wanatoka. Usikimbilie kununua kwa kuwa ni rahisi.
4. Bei inashuka na mauzo ni machache: wauzaji hawana haraka. Huenda bei ikarudi, huenda isirudi.

Hizi ni dalili, si ahadi. Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, wafanyabiashara wadogo hawakuweza kuvuka. Mauzo ya mpakani yalikatika, lakini si kwamba watu wa Goma waliacha kula viazi. Kwa hiyo baada ya bei na wingi, andika pia sababu.

Sasa twende Kigali, kwenye Soko la Hisa la Rwanda lililozinduliwa Januari 2011. Kampuni ya kwanza ya nchini kuuza hisa zake humo ni Bralirwa, ambayo kiwanda chake cha bia kiko hapa hapa Gisenyi. Chati yake hata ikipendeza vipi, Muislamu haendelei kuisoma, maana biashara yenyewe ni pombe. Halali hutangulia hesabu. Na hata kwa hisa ambayo wanazuoni wameiridhia, soko letu bado ni dogo: hisa inaweza kupita siku bila kuuzwa. Bei unayoiona ubaoni huenda ni ya zamani, na siku ukitaka kuuza huenda usipate mnunuzi.

Ama biashara ya sarafu kwenye simu, haina soko moja linaloandika mauzo yote. Vile vijiti vya wingi vilivyo chini ya chati kwa kawaida huhesabu mara ambazo bei imebadilika kwa dalali wako, si pesa zilizobadilishana mikono duniani. Juu ya hayo kuna mkopo wa dalali, riba ya kulaza biashara usiku, na sharti la sheria yetu kwamba sarafu zibadilishwe mkono kwa mkono.

Mtume (s.a.w.) alikataza najash, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua ili wengine wavutike. Alikataza pia kuulaki msafara kabla haujafika sokoni, kwa kuwa mwenye mali bado hajajua bei ya huko. Makatazo yote mawili yanalinda haki ya mtu kuiona bei ya kweli. Lipime kwa mizani hiyo kundi la simu linalopiga kelele "nunua sasa".

Jibu langu, basi: pesa ya kujikimu, hapana. Kodi ya chumba ina tarehe, na chakula hakingoji. Anayelazimika kuuza tarehe fulani hawezi kusubiri mashahidi. Atauza kwa bei yoyote atakayoikuta.

Zoezi: chagua bidhaa moja sokoni. Kwa siku 30 andika bei, kiasi kilichouzwa na sababu. Waulize akina mama wanaoiuza, kwa adabu, na wakati hawana wateja. Mwishoni angalia ni mara ngapi bei peke yake ingekudanganya.

Allah atupe riziki ya halali na elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.