Muuguzi na Afya ya Akili ya Watoto na Vijana Balehe

Kwa miaka mingi uuguzi wa afya ya akili nchini Tanzania ulihusishwa na wodi: kugawa dawa, kuchoma sindano na kumlinda mgonjwa asijidhuru, katika hospitali kama ile ya Mirembe, Dodoma. Hata hivyo, takriban nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 18, nyumbani na shuleni, na aghalabu mtumishi wa kwanza kukutana nayo ni muuguzi wa zahanati. Mpango wa mhGAP, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, unakusudia kumpa ujuzi mtumishi huyo asiye bingwa.

Mathalani, binti wa miaka 14 analetwa na mama yake kwa maumivu ya kichwa na tumbo, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Ni rahisi kumpa dawa ya maumivu na kumruhusu. Muuguzi makini husema: “Mama, naomba utupishe kidogo, huwa tunazungumza na kila kijana wa rika hili peke yake.” Neno “kila” humwondolea mama hofu ya kutuhumiwa. Pasipo na chumba cha faragha, benchi chini ya mwembe, mbali na masikio ya watu, latosha.

Kabla ya maswali, binti huelezwa mipaka ya siri: atakayosema hayatatangazwa, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini au ikiwa yupo anayemdhuru. Kuahidi siri isiyo na mipaka ni kumdanganya. Kisha huulizwa kuhusu nyumbani, shule, marafiki na usingizi, na hatimaye swali zito: amewahi kufikiria kujiua? Wauguzi wengi huliogopa, wakidhani litapandikiza wazo hilo. Halipandikizi; mara nyingi huwa nafuu kwa aliyekuwa akilibeba peke yake.

Akikiri, haachwi peke yake. Mlezi huarifiwa naye akijua, viuatilifu na dawa nyumbani hufungiwa, na rufaa hutolewa siku hiyo hiyo. Rufaa nayo isiwe njia ya kutua mzigo: bingwa yuko mbali, na wiki ijayo atakayemwona binti huyo tena ni muuguzi yule yule.